Kisu cha Kutembea Nacho

Kwetu Sayula mwanamume akitoka nyumbani bila kisu mfukoni, mkewe humwita arudi kana kwamba amesahau suruali. Si kisu cha kugombana. Wagombanao wana visu vyao virefu, na mwisho wao twaujua. Nasemea kisu cha kukunja, kile cha kumenyea chungwa uwanjani, kukatia kamba ya mzigo, kutolea mwiba kwenye kwato ya punda na kusafishia kucha wakati padri anachelewa. Mji wetu una mafundi visu wengi kuliko vinyozi. Mmoja wao alikuwa Don Tranquilino Zepeda, na kisa hiki ni cha bintiye Herlinda, ambaye hakumsimulia mtu ila binamu yake Chole. Kumwambia Chole jambo ni sawa na kulipigia kengele ya kanisa.

Don Tranquilino alijulikana kwa visu vikubwa vya wapanda farasi, vyenye maua na tai kwenye bapa, visu vya kutundikwa ukutani. Kisha macho yakaanza kumwingia ukungu. Herlinda alikuwa ameshika tupa tangu utotoni, na kadiri macho ya baba yalivyofifia ndivyo kazi ilivyohamia mikononi mwake, hadi ikawa yeye anafua, anatia chuma maji, ananoa, na mzee anabaki kugonga muhuri wa jina lake na kupokea sifa. Hilo halikumuudhi. Kilichomuudhi ni maua na tai.

"Baba, nataka kutengeneza kisu cha mtu wa kazi," alimwambia siku moja. "Kidogo. Cha kukunja. Kisicho na pambo hata moja."

"Nani atakitazama?"

"Hakuna. Watakitumia."

Mzee akacheka, lakini akakubali kwa sharti moja, ambalo ndilo lililokuwa desturi ya karakana ile tangu kwa babu yake: kisu kipya hakigongwi muhuri mpaka mtu atembee nacho. "Mezani kila kisu ni kizuri," alisema. "Mpe mtu akae nacho kwenye jasho na mvua, alale nacho, akisahau na kukikumbuka. Kisha akuambie. Na usimpe rafiki. Rafiki atakusifia."

Wakampa Fidencio Barajas.

Fidencio hakuwa rafiki wa mtu. Kazi yake ilikuwa kubebesha miti. Alipanda milimani Tapalpa kwenye mashamba ya mapichi na matufaha, akateremka kwenye malimau ya nchi ya joto, akikata vikonyo na kuvifunga juu ya mashina mengine, kisha anaondoka na kuacha vishike. Mtu wa kazi hiyo hufungua na kufunga kisu mara nyingi kuliko anavyofungua mdomo, na Fidencio kwa kweli mdomo hakuufungua sana. Alikuwa mrefu, mikono mipana, na alikuwa na tabia ya kunusa kitu kabla ya kukisema.

Alikinusa kile kisu. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya fahali, makali ya chuma cha springi ya lori, urefu wa kidole cha kati.

"Kina harufu ya ng'ombe," alisema.

"Utakizoea," Herlinda akajibu. "Na ng'ombe hajalalamika."

Hapo ndipo Fidencio alipomtazama kwa mara ya kwanza.

Alirudi mvua zilipokwisha. Aliketi kwenye kigoda karibu na fuawe, akaweka kisu gotini, akaanza kutaja makosa. Alama ya kuingiza ukucha ni ya juujuu mno. Vidole vikiwa na utomvu vinateleza. Ncha ya mpini inachoma paja ukipanda nyumbu. Angalia, suruali imetoboka. Na springi ni legevu. "Nilikuwa natoboa ganda la mti kikanikunjikia. Hapa." Akaonyesha kovu jipya kwenye kidole.

Herlinda aliushika ule mkono kuuangalia vizuri, kama fundi anavyoangalia kosa lake. Aliushika muda mrefu kuliko kosa lenyewe lilivyohitaji.

"Pole," alisema.

"Kidole ni changu, kisu ni chako. Kila mtu arekebishe kilicho chake."

Don Tranquilino, aliyekuwa ameketi pembeni na macho yake ya ukungu, akaguna. "Nilikuambia usimpe rafiki. Huyu si rafiki kabisa."

Herlinda akarekebisha. Alikaza springi kwa kipimo cha ule mkono mpana, akachimba alama ya ukucha kwa kina cha ule ukucha mgumu, akaviringisha ncha ya mpini mpaka ukawa kama kokoto ya mtoni. Fidencio akaondoka nacho, akarudi tena. Sasa kilikuwa kizito: "Nikishuka mlima mbio kinanipiga pajani kama mtoto anayetaka kubebwa." Herlinda akapunguza. Fidencio akarudi na kusema maji ya malimau yameyafanya makali kuwa meusi.

"Hiyo ndiyo tabia ya chuma hiki," Herlinda akasema. "Kinabeba rangi ya ulichokata. Ukitaka chuma kisichobeba kitu, nunua kile cha dukani kinachong'aa, ukanolee hadi uzeeke."

"Sikusema ni vibaya."

"Ulisema kimekuwa cheusi."

"Kimekuwa cheusi. Nakipenda hivyo."

Basi ndivyo walivyokuwa wakizungumza. Mtu aliyepita nje angedhani wanajadili kisu, na asingekosea. Lakini Herlinda alianza kuyajua mashamba yote ya huku na huko kwa alama zilizokuwa kwenye bapa: hapa palikuwa na tini, hapa palikuwa na nyanya, hapa mtu alijaribu kufungulia kopo, na hilo alimkaripia. Fidencio akiwa safarini, kila upepo uliponyanyua vumbi la chumvi kutoka kwenye ziwa letu lililokauka na watu wote kufunga madirisha, Herlinda aliacha lake wazi, eti karakana inahitaji hewa.

Chole, aliyekuwa akiuza peremende za maziwa ya mbuzi mlango wa pili, hakuwa kipofu.

"Wasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama," alimwambia. "Wewe unavitengeneza vyote na bado unakula maharage. Mwambie!"

"Nimwambie nini?"

"Mwambie springi imekazwa vya kutosha, sasa afunge mlango aketi."

"Chole, una ulimi mbaya."

"Nina ulimi. Nyinyi wawili mna kisu."

Lakini Fidencio ndiye aliyesema. Ilikuwa Jumapili, watu wako kwenye kiwanja cha kanisa wanakula mahindi, na Don Tranquilino amesinzia kwenye kiti chake uani. Fidencio aliweka kisu mezani kikiwa kimefungwa.

"Sina la kusema juu yake," alisema. "Nimelitafuta, sikuliona. Nikikihitaji kipo, nisipokihitaji nasahau kama nimekibeba. Kigongeni muhuri."

Herlinda alikuwa ameingoja sentensi ile kwa miaka, na ilipokuja ilimchoma.

"Basi kazi imekwisha," alisema.

"Hii imekwisha." Akakigeuza kisu kwa kidole. "Wamenichukua Uruapan. Wanapanda maparachichi kule kama wendawazimu, mlima mzima, na wote wanataka miti ya kubebesha. Kazi ya miaka. Wananipa na nyumba. Si kubwa, ina ua." Akakigeuza tena. "Kwenye ua panaweza kukaa fuawe."

Herlinda alielewa. Alielewa haraka mno. Kupitia mlango aliwaona nzi wakitembea kwenye kofia ya baba yake, na mzee akiwafukuza kwa mkono usiojua walipo.

"Haoni tena hata muhuri wake," alisema. "Mimi ndiye nauelekeza mkono wake."

"Twende naye."

"Kumng'oa Don Tranquilino kutoka Sayula? Wewe unayajua mashina. Lenye umri ule ukilihamisha linafanyaje?"

Fidencio alijua kwamba linakufa. Kazi yake ilikuwa hiyo. Wala hakusema atabaki, na Herlinda hakumwomba. Nchi yetu ni ya vumbi na chumvi, mashamba ya milimani yalikwisha kubebeshwa yote, na mwanamume wa miti anayeketi kwenye karakana ya mkewe angekauka. Herlinda alimpa kile kisu akiwa amekwisha kukigonga muhuri yeye mwenyewe, pigo moja, bila kumwamsha baba. Fidencio akakitia mfukoni. Mlangoni alisimama, akageuka, akanusa hewa ya karakana ile, makaa na mafuta na pembe iliyoungua, kana kwamba anataka kuisema. Akaenda zake.

Baada ya hapo wakaanza kuja watu. Mwanzoni mmoja mmoja, wabebeshaji na wachumaji kutoka upande wa Uruapan, wenye udongo mwekundu kwenye viatu. "Tunataka kisu kama cha Fidencio." Kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya kile kisu, jinsi kinavyofunguka, jinsi kinavyoshika makali, na Herlinda aliwaacha waseme, akiwauliza maswali ambayo fundi anaruhusiwa kuuliza. Bado anakitumia? Kila siku. Hajakivunja? Hata kidogo. Mkono wake haumsumbui? Mkono wa nani, mama? Mkono wa mwenye kisu. Hapana, mzima kabisa.

Alitengeneza visu vingi, vyote kwa kipimo kile. Wengine walisema springi ni ngumu kidogo. Aliwaambia wataizoea.

Don Tranquilino alifariki kitandani kwake, akiwa ameshika kipande cha pembe alichokuwa akikipapasa kila siku. Mji wote ulimsindikiza. Herlinda alivaa nyeusi mwaka mzima kama inavyopasa, na siku alipoivua alijitazama kwenye kioo akaona nywele mbili tatu nyeupe na mikono ya mtu wa makaa. Akafunga karakana. Alimwambia Chole anakwenda Uruapan kutafuta wateja.

"Wateja," Chole akasema.

"Wateja, Chole."

"Vaa lile gauni la bluu. Wateja wanapenda bluu."

Alisafiri na sanduku la visu magotini, akabadili basi Jiquilpan, akalala kwa masista, akaendelea. Kule nchi ni nyingine. Kila kitu ni kijani na kinadondosha maji. Pale Uruapan walimwelekeza kijiji cha juu, na juu wakamwelekeza njia ya udongo mwekundu kati ya miparachichi, na alipokuwa akipanda alianza kuona viungo kwenye mashina, ule uvimbe mdogo pale mti mmoja unapokuwa mwingine. Viungo safi. Aliujua mkato ule. Alisimama kwenye mmoja akaweka kidole gumba chake pale. Moyo ulikuwa unapiga kama wa msichana.

Nyumba ilikuwa na ua. Uani palikuwa na mwanamke mnene, mchangamfu wa uso, ameketi kwenye kiti cha chini akimenya miiba ya majani ya dungusi, na mtoto amefungwa mgongoni kwa shuka.

"Karibu, dada, karibu! Ukimtafuta Fidencio, anaosha mikono. Fidencio! Mgeni!" Kisha, bila kungoja: "Unauza nini kwenye sanduku? Kama ni sabuni, ninazo."

"Visu," Herlinda akasema. Sauti yake ilitoka sawasawa. Hata yeye ilimshangaza.

Fidencio akatoka nyuma ya nyumba, mikono inatiririka maji. Alisimama. Maji yakaendelea kudondoka.

"Amparo," alisema hatimaye, "huyu ndiye fundi. Wa kisu."

Mwanamke akaacha kumenya. "Fundi wa kisu hiki?" Akainua kile alichokuwa nacho mkononi, na Herlinda akakiona. Pembe imelainika kwa kushikwa, bapa limekuwa jeusi na jembamba kwa kunolewa. "Kumbe fundi ni mwanamke! Miaka yote hii, Fidencio, mbona hukuniambia fundi ni mwanamke?"

"Hukuuliza."

Amparo alimtazama mumewe, akamtazama mgeni, akalitazama lile gauni la bluu. Haikuchukua muda. Kisha akavuta kigoda kwa mguu.

"Kaa, dada. Umetoka mbali. Utakula na sisi."

Wakala tortila za moto, zile chapati za mahindi, na maharage, majani yale ya dungusi yaliyokaangwa na kitunguu, na parachichi lililokatwa kwa kisu kile kile. Fidencio alikula bila kuinua kichwa. Amparo ndiye aliyeongea, na aliongea juu ya kisu, maana mtu lazima aongee juu ya kitu.

"Kizuri, siwezi kusema uongo. Nakaa nacho kutwa kwenye mfuko wa aproni. Nakatia jibini, kamba, kitovu cha mbuzi, uzi wa shati la huyu. Mtoto alipozaliwa mkunga hakuwa na kitu safi, tukakichemsha hiki. Lakini, dada, nikuambie?"

"Niambie."

"Nyinyi mafundi mnadhani wanawake hatuna mifuko. Springi yake ni ngumu kama moyo wa mwenye shamba. Ona ukucha wangu huu, na huu. Nikiwa na mtoto mkono mmoja siwezi kukifungua, inabidi nitumie meno. Na ni kipana. Mkono wangu unakizunguka haufiki. Aliyekitengeneza alikuwa anamfikiria mtu mwenye mikono kama makoleo."

Fidencio alisimamisha tortila njiani kwenda mdomoni.

"Ni kweli," Herlinda akasema. "Nilikitengenezea mkono mmoja."

"Ndiyo, naona," Amparo akasema, polepole. Halafu, kwa sauti nyingine: "Basi ningekuwa mimi ningekifanya chembamba, springi nyepesi, na mgongoni niweke mahali pa kusukuma kwa kidole gumba. Utawauzia wanawake wote wa sokoni. Hawatakuambia, wataona haya. Mimi sina haya."

Herlinda aliomba kukishika. Alikifungua, akakifunga, akasikiliza mlio wake. Alimwomba Amparo amwonyeshe anavyokishika akimenya, anavyokishika akikata, na akaupima mkono ule kwa vidole vyake, kiganja kwa kiganja. Ulikuwa mkono wa joto, wenye mikwaruzo ya miiba. Alitaka kuuchukia. Hakuweza kufanya yote mawili, kupima na kuchukia, na kupima ndiko alikokujua.

Jua lilipoanza kuegemea, Amparo alimwinua mumewe. "Mpeleke mgeni kwenye basi. Na msikimbie, mama wa watu amevaa viatu vya safari." Akamkumbatia Herlinda kwa nguvu, mtoto katikati yao akipiga kelele.

Walitembea kati ya miti. Fidencio alibeba sanduku.

"Amekwenda lini mzee?" aliuliza.

"Mwaka jana, kabla ya mvua."

"Sikusikia."

"Najua. Ungekuja."

Wakaenda kidogo.

"Sikumpa kile kisu kwa kukudharau," Fidencio akasema. "Nataka ujue. Nilikaa peke yangu hapa muda mrefu, Herlinda. Nilisema mzee ataishi miaka mia, na nilimwombea aishi, kweli. Halafu nikaoa, na ni mwanamke mzuri, umemwona. Lakini nilikuwa nakitoa mfukoni wakati hakuna cha kukata. Nakitoa tu, nakishika. Yeye ananiuliza, unakata nini? Sikati kitu. Mwanamume mwenye mke hawezi kutembea hivyo. Nikampa yeye, ili kiwe kisu tu."

"Na kimekuwa kisu tu?"

Alitazama njia mbele. "Kwake, ndiyo."

Herlinda hakulia, alihisi kitu kama njaa, kikubwa, na pamoja nacho aina ya furaha isiyo na mahali pa kuiweka. Basi lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Fidencio alimpa sanduku. Vidole vyao viligusana kwenye mpini wa sanduku, na kwa muda mfupi hakuna aliyeachia. Dereva akapiga honi. "Mama, unapanda au unaolewa?" Abiria wakacheka. Herlinda akapanda.

Alirudi akafungua karakana. Alitengeneza kisu chembamba cha mfuko wa aproni, springi nyepesi, chenye nundu ndogo mgongoni ya kidole gumba. Kimoja alikipeleka Uruapan kwa mkono wa mchuuzi aliyekuwa anakwenda huko, kwa ajili ya Amparo, na mchuuzi akarudi na kikapu cha maparachichi na ujumbe kwamba sasa hatumii meno. Wanawake wa sokoni walianza kuja, kwanza kwa haya, kisha makundi kwa makundi, na leo ukienda Sayula utaviona visu hivyo kila mahali, hata kwa wanawake wasiojua alivitengeneza nani. Mtengeneza matandiko ya farasi aliyefiwa na mkewe alikuja kumposa, mtu wa heshima. Alimshukuru, akamnolea visu vyake bure, akamwambia hapana.

Chole alingoja mpaka miparachichi ambayo Herlinda aliipanda uani kutokana na kokwa za kile kikapu ikafika kiunoni. Kisha, siku moja mchana, wakiwa wameketi mlangoni kwenye kivuli, akamuuliza bila mzaha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Bado unamtaka?"

Herlinda alikuwa na bapa jipya mkononi, analijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba kuona kama limeshika makali.

"Ndiyo," alisema.

Chole akamsogezea sahani ya peremende. Herlinda akachukua moja, akaila taratibu, kisha akarudi ndani kwenye kazi.